Nyungo Thelathini

Saa nane usiku, Khodad. Januari inauma vidole,
mizabibu ya Narayangaon imelala chini ya nailoni.
Mimi ni mwendesha mitambo wa zamu. Kazi yangu
ni kuzigeuza nyungo thelathini zielekee mahali pamoja.

Kila ungo upana wake mita arobaini na tano,
umesukwa kwa waya, si kwa ukindu:
upepo hupenya, mvua hupenya,
mawimbi ya redio ndiyo yanayobaki.

Mrinmayi amekuja kutoka Pune na thermosi ya chai
na hesabu isiyokubali.
Katika galaksi yetu, anasema, kila karne
hulipuka nyota mbili, pengine tatu.
Kwa miaka elfu moja, basi, misiba ishirini na zaidi,
na makaburi tunayoyajua
hayajazi vidole vya mikono miwili.

Wengine wako wapi?

Nyuma ya vumbi. Huko katikati, kulikosongamana,
mwanga hukamatwa njiani haufiki.
Lakini redio hupita.
Nani asiyejua? Mtu akifa mbali,
taarifa husomwa redioni.

Yeye hatafuti wazee, yale mawingu ya miaka elfu ishirini
yaliyotanuka yakachakaa kama shuka la hospitali.
Anataka aliyekufa juzi: kiduara kidogo, kikali,
kama alama ya kikombe mezani,
na bado kinakua.

Wa kwanza kwenye orodha tulimpata mwezi wa Novemba.
Tulifurahi siku mbili.
Kumbe ni gesi inayopashwa moto na nyota zilizozaliwa majuzi:
tulipiga hodi leba
tukiwa na ubani mkononi.
Wa pili alikuwa kosa la kompyuta. Tusimseme.

Saa tisa kasorobo skrini ikajaa milia.
Cheche. Naijua hiyo:
uzio wa umeme wa Bhikaji Wajge, shamba la nyanya,
kilomita moja na nusu kutoka ungo wa sita.
Tukapanda jipu.

Alitoka amejitanda blanketi, tochi usoni mwetu.
"Nyota yenu imekufa lini?"
"Kwa taarifa zilivyotufikia, yapata miaka mia tatu."
"Na haiwezi kungoja nyanya zangu zichumwe?"
Mrinmayi hakuwa na jibu. Mimi pia sikuwa nalo.
Mzee akakohoa, akaenda, akazima swichi.
"Nguruwe wakiingia, mtalipa."

Kimya kikarudi. Nyungo zikapepeta.
Saa moja ya pumba, saa ya pili ya pumba,
makelele ya jua lililo mbali upande wa pili wa dunia,
makelele ya mitambo yenyewe,
kisha, chini kabisa,
chembe.

Pete. Upande mmoja mnene, upande mwingine umefifia.
Akaiweka juu ya picha ya mwaka elfu mbili na moja
aliyoiacha mwalimu wake kabla hajastaafu.
Akapima. Akasafisha miwani, akapima tena.
Imekua kwa unywele mmoja.

"Na makosa ya kipimo?" nikauliza.
Akanyamaza kidogo.
"Unywele mmoja."

Akaandika kwa penseli: *huenda*.
Tarehe. Saa. Mwelekeo.
Pembeni, kwa herufi ndogo: *rudi baada ya miaka kumi*.
Nikamtazama nywele zake, nikahesabu,
nikaona aibu kuhesabu.

Asubuhi nguruwe walikuwa wameshaingia.
Matuta mawili yamefukuliwa, nyanya zimepondwapondwa,
nyekundu hadi barabarani.
Mrinmayi akatoa rupia, akaomba risiti,
chuo hakilipi bila risiti.
Bhikaji akachana ukurasa wa daftari la mjukuu wake,
akalamba ncha ya kalamu.
"Niandike nini?"
"Andika ukweli."

Akaandika polepole:
*Nyanya, kreti nne. Msiba.*
Kisha akainua kichwa.
"Marehemu anaitwa nani?"